Mnanasi wa Ghorofa ya Tatu

Kichwa cha nanasi kilikuwa tayari kwenye pipa la taka, chini ya maganda ya viazi, nilipomwambia dada yangu kwenye simu kwamba nimekipanda.

Sikukusudia. Mimi uongo haunijii kwa kukusudia, unanitoka kama chafya. Ilikuwa Jumapili, siku anayopiga simu dada. Mke wangu alikuwa ametoka kumenya nanasi, nami nalila, mkono wangu wa kushoto umelowa maji yake mpaka kiwikoni, na wa kulia umeshika simu. Mpwa wangu, binti wa dada anayekaa naye huko mbali, aliwahi kuninong'oneza kabla ya kumpa mama yake simu: "Mjomba, msemeshe mama akubali. Daktari kasema mtoto wa jicho amekomaa, macho yote mawili. Wanamtoa nusu saa tu, mtu anarudi nyumbani. Lakini mama hataki hata kusikia."

Basi nikamsemesha.

"Dada, njoo kwetu. Hospitali ya macho iko hapa, nikitema mate yanafika."

"Nije nikatwe jicho kama kitunguu?"

"Uje utuone tu, wifi yako na mimi."

"Nimeshawaona. Sura zenu nazijua, hazina jipya."

"Uje uone nanasi langu, basi!" Hapo ndipo chafya iliponitoka. "Nimepanda nanasi, roshani kwangu. Limeshika vizuri kweli."

Dada akacheka. Akicheka yeye, wewe mwenye simu huku unaisogeza mbali na sikio. "Chumvi," akasema, na hilo ndilo jina alilonipa tangu meno yangu ya kwanza hayajang'oka, kwa kuwa hakuna habari iliyowahi kupita kinywani mwangu ikatoka haijakolea. "Chumvi wewe! Nanasi ghorofa ya tatu? Haya, nisikilize. Siku huo mnanasi wako ukizaa, nakuja. Na ili niuone, nitawaacha hao madaktari wanikate. Nimeapa, na mwanangu hapa ni shahidi."

"Umeapa?"

"Nimeapa. Ila sitaki kuambiwa na wewe. Aniambie wifi yangu."

Alijua anachokifanya. Mimi nilikuwa msoma mita za umeme kwa miaka thelathini na moja. Kazi hiyo ina siri yake: ukikuta geti limefungwa, au mbwa kalala chini ya mita na jicho moja kaliacha wazi, unatazama namba ya mwezi uliopita, unatazama mawingu, unaandika. Tuliita makadirio. Nilikadiria nyumba nyingi kuliko nilizosoma, na kuna mbwa mmoja mtaa wa nyuma alinizoea hata akawa anabweka mara mbili kama ni ishirini na mara tatu kama ni thelathini. Mke wangu naye alikuwa muuguzi wa kliniki ya watoto, kazi yake mizani. Mama analeta mtoto wa kilo nne na gramu mia tisa na tisini, anaomba aandikiwe tano ili baba yake afurahi. Mke wangu anaandika nne na mia tisa na tisini, kisha anampa mama pole. Mtu huyo ndiye dada aliyemchagua awe shahidi wake. Nilikuwa nimefungiwa mlango na funguo amepewa mwenye mizani.

Simu ilipokatika nikaenda moja kwa moja kwenye pipa.

"Unatafuta nini humo?" mke wangu akauliza, mkono kiunoni.

"Macho ya dada," nikasema, na nadhani hilo ndilo jambo la kwanza la kweli nililosema siku ile.

Nilikuwa na sababu ya kuhangaika. Mama yetu alituacha nikiwa na miaka miwili, dada ana kumi na mitatu. Yeye ndiye aliyenibeba mgongoni, akanibeba, akanibeba, hata nikarefuka miguu yangu ikawa inaburuza chini na bado hataki kunishusha. Watu hucheka nikisema hivyo. Nina kovu kwenye kidole gumba cha mguu, atakaye aje nimwonyeshe.

*

Nilichukua ndoo tupu ya rangi, nikaitoboa kitako kwa msumari, nikajaza udongo niliouomba kwa mtunza bustani wa shule. Kichwa cha nanasi, yale majani yanayosimama juu kama nywele za mtu aliyeamshwa ghafla, nilikiacha na kipande cha nyama yake chini, kinono, nikijiambia hicho ndicho chakula chake cha safari. Nikakizika mpaka mabegani. Nikamwagilia asubuhi, nikamwagilia jioni, na mchana nikikumbuka.

Kila Jumapili dada aliuliza, "Linaendeleaje?"

"Majani mapya manne, dada."

Jumapili nyingine: "Sita. Saba, ukihesabu na lile linalochungulia."

Mke wangu akiwa jikoni alikohoa kikohozi ambacho hakikutoka kifuani.

Juma la tano roshani ikaanza kunuka kama kiatu kilicholala mtoni. Vijinzi vidogo vikaja kutoa rambirambi. Nilishika majani kwa vidole viwili, nikavuta polepole, na chote kikatoka bila ubishi, kama jino la bibi kizee. Chini kulikuwa na uji wa kahawia.

Nikakichukua vilevile kwenye gazeti mpaka kwa muuza matunda. Huyu ni mama mmoja mwenye meza pale kona, mkabala na jengo letu, ana mdomo mkali kuliko kisu chake, na mbele ya watu wazima wenzangu hajawahi kunionea haya. Aliangalia gazeti. Akaniangalia mimi.

"Mzee, umezika maiti na chakula chake?"

"Nilitaka kipate nguvu."

"Kipate nguvu ya kuoza! Nyama unaitoa yote. Hivi." Akachukua nanasi mezani, akashika mwili kwa mkono huu na majani kwa mkono ule, akavinyonga kama anayekamua nguo, kichwa kikachomoka kikavu. Akavua majani ya chini moja moja, mpaka vikaonekana vijizizi vidogo vimelala, mithili ya kucha za paka. "Unaona? Mizizi anayo tangu kwao. Mwache akauke siku tatu, nne, kidonda kifunge. Udongo uchanganye na mchanga. Maji kidogo, mengine unamtilia humu katikati ya majani, anakunywa kwa kinywa chake. Umenielewa, au nikuandikie?"

"Nimeelewa, mama."

"Na ukimaliza kumuua na huyu, usije. Nitakuwa nimehama."

Sitasahau wema wa mama yule. Amenitukana bila kituo kwa muda wa karibu miaka miwili, na katika kila tusi kulikuwa na somo.

*

Kichwa cha pili kilishika. Siku ya arobaini na moja nilikivuta kidogo kwa kidole, nacho kikanivuta. Nikanunua daftari, la mistari miwili kama lile la kazini, nikawa nakisoma kila asubuhi saa moja: idadi ya majani, urefu wa jani la kati, hali ya mbingu. Mke wangu aliniazima futi yake ya kupimia watoto. Kwa mara ya kwanza tangu tuoane nikawa naandika namba bila kutazama mawingu.

Mnanasi una tabia ya kutokuwa na haraka. Mwezi wa nne una majani kumi na mawili. Mwezi wa nane umejaza ndoo, ikabidi niuhamishie kwenye beseni la kufulia lililopasuka. Mwaka ulipotimia ulikuwa umetanda roshani nzima, na majani yake yana meno kama msumeno. Uliichana shuka ya mke wangu kwenye kamba. Mimi mwenyewe siku moja nilipita karibu sijanyoa, nikatoka upande wa pili shavu moja limeng'aa. Ilibidi nirudi nipite tena kwa shavu la pili, maana nisingeweza kujiacha hivyo.

Lakini tunda, hakuna.

Na huku nyuma habari za dada zilikuwa zinaharibika. Mpwa wangu alikuwa ananipigia kwa siri akiwa kazini. "Mjomba, leo kamimina chai pembeni ya kikombe, mpaka birika likaisha, anadhani anajaza." Juma jingine: "Mjomba, kalisalimia koti. Koti langu nililolitundika mlangoni. Kalisalimia mara mbili, halafu akalisema kwa kutokuwa na adabu." Tulicheka wote wawili. Halafu dada akakosa ngazi ya mlangoni, akaanguka, akateguka kifundo cha mkono. Daktari wao akasema maneno ambayo mpwa wangu aliyarudia polepole: mtoto wa jicho akizidi kukomaa anakuwa mgumu, na kadiri anavyokuwa mgumu ndivyo kumtoa kunavyokuwa na hatari.

Nikampigia dada si Jumapili.

"Dada, tuachane na nanasi. Njoo tu."

"Umezaa?"

"Bado, lakini..."

"Basi mbona unanisumbua? Nimeapa, mdogo wangu. Mtu mzima akiapa hageuki. Nanasi kwanza."

Sauti yake ilikuwa ya mzaha, lakini mtu aliyekubeba mgongoni unaisikia sauti yake kwa kifua. Alikuwa anaogopa. Alikuwa amekaa salama nyuma ya mnanasi wangu, akiuombea usizae.

Siku ya pili yake nikafanya jambo ambalo sijivunii. Sijutii sana, ila sijivunii. Nilikwenda mtaa mwingine, ambako muuza matunda wangu hanioni, nikarudi na nanasi limefichwa kwenye koti. Nikachonga kijiti, ncha huku na huku, nikakichomeka katikati ya mnanasi, nikalikalisha nanasi juu yake. Nikarudi nyuma hatua tatu. Lilikuwa zuri! Hata mimi niliyelitenda nilianza kuamini.

"Mama, njoo!" nikaita. "Njoo uone maajabu, halafu umpigie wifi yako!"

Mke wangu akaja akijifuta mikono. Akaliangalia kwa utulivu, kama alivyokuwa akiwaangalia watoto waliovalishwa nguo tatu ili waongeze uzito. Akalinyanyua. Likatoka na kijiti chake. Akaingia nalo ndani, nikasikia kengele ya mizani ya jikoni, akarudi.

"Kilo moja na gramu mia nane na hamsini," akasema. "Limezaliwa tangu asubuhi. Hongera. Limetobolewa kitako."

Nikakichomoa kijiti.

"Mume wangu," akasema, na akiniita hivyo ujue hatanii. "Wifi akija hapa kwa neno langu, akalala kwenye kile kitanda kwa neno langu, halafu akagundua neno lenyewe lina kijiti ndani, nitamwambia nini?"

Tulilila. Lilikuwa tamu.

*

Nina kijitabu cha kilimo kisicho na jalada, nilikiokota miaka hiyo kwenye chumba cha mita cha nyumba fulani, watu wamehama wamekiacha. Elimu yangu yote ni ya namna hiyo, ya kuokota. Humo nilisoma kwamba mnanasi mvivu huamshwa kwa moshi: wakulima wa zamani walikuwa wakiufukiza shamba zima, na shamba zima likachanua.

Basi Jumanne moja, saa nne asubuhi, nikaufunika mnanasi wangu kwa turubai, nikawasha majani mabichi ndani ya kopo, nikalisukuma chini ya turubai, na mimi mwenyewe nikaingiza kichwa nione kama moshi unafika. Ulifika. Ulifika na kwingine. Ghorofa ya nne, juu yetu kabisa, anakaa mwalimu mstaafu wa hesabu, mwanamke aliyefundisha nusu ya mji huu kuogopa hesabu za sehemu. Nilisikia sauti yake tu:

"Moto! Moto! Ghorofa ya tatu inaungua!"

"Mwalimu, hapana! Ni nana..."

Ndoo ikashuka. Si ndoo, mto mzima! Niliona samaki, naapa, mmoja alinigonga pua. Turubai likanilalia kichwani, kopo likazimika, na nilipojitoa pale nikiwa nimelowa chepechepe, mwalimu alikuwa ameinama ukingoni kwa juu, anapumua kwa nguvu.

"Ni wewe? Uko salama?"

"Niko salama, mwalimu. Nilikuwa naufukiza mnanasi."

"Kwa nini?"

Nikamweleza, pale pale, maji yananitiririka, shingo nimeiinua kama kuku anayekunywa. Nikamweleza habari ya dada, na kiapo, na kifundo cha mkono. Sikuongeza kitu, nilikuwa nasikia baridi mno. Aliiweka ndoo chini. Kisha akasema, "Moshi hapana. Hapa wanakaa watu wenye pumu. Tafuta njia nyingine, na ukikwama njoo tuitafute wote." Jioni akashusha taulo kavu kwa kamba. Taulo lenyewe ninalo hadi leo, alikataa kulipokea.

Njia nyingine aliijua muuza matunda, kama kawaida.

"Moshi!" akasema. "Huyo ni nanasi au ni samaki? Niulize mimi ninayelala na matunda. Ukitaka ndizi mbichi ziive unaziweka na nani? Na ndizi iliyoiva. Harufu yake inaambukiza. Mfunike mfuko mkubwa wa plastiki, mwekee humo ndizi zangu hizi zilizoiva mpaka zikajuta, funga, usimsumbue siku kumi. Akishtuka ameshtuka."

"Na asiposhtuka?"

"Utakuwa umepoteza ndizi ambazo nilikuwa nakwenda kuzitupa. Chukua, nenda."

Siku kumi nilizunguka ule mfuko kama mtu anayesubiri nje ya chumba cha uzazi. Nikaufungua. Nikatoa ndizi, nyeusi tititi. Mnanasi uko vilevile. Nikaandika daftarini: hakuna mabadiliko. Nikaandika hivyo siku hamsini na nane.

Siku ya hamsini na tisa nilikwenda na miwani, na futi, na chai. Katikati kabisa, mahali majani yanapokutana, kulikuwa na kitu chekundu, kidogo kama ncha ya ulimi wa mtoto.

Sikupiga kelele. Watu wa jengo letu watakwambia nilipiga, na kwamba mwalimu alishika ndoo, lakini wanatia chumvi.

*

"Wifi," mke wangu alisema kwenye simu Jumapili ile, "naona kitu chekundu."

"Ni nanasi?"

"Siwezi kusema ni nanasi. Ni kitu chekundu, sentimita mbili."

"Kitu chekundu si nanasi," dada akasema kwa furaha iliyozidi kiasi.

"Si nanasi," mke wangu akakubali, nami nikamtazama kama msaliti.

Kikapanda juu ya shina lake. Kikatoa vijiua vya zambarau, leo viwili, kesho vitatu, kila kimoja kinaishi siku yake moja kisha kinalala. "Sasa sema!" nilimwambia mke wangu kila asubuhi. "Mtoto hahesabiwi tumboni," alinijibu. Mpaka kiua cha mwisho kiliponyauka, na chini yake kukabaki kitu cha kijani chenye magamba yake yote, saizi ya ngumi, kimevaa shada la majani kichwani. Mke wangu akavuta kiti, akakitazama kwa muda mrefu, akakipima mzingo kwa futi. Akachukua simu bila kuniambia.

"Wifi, umezaa. Ni nanasi. Dogo, ngumi yangu. Halijaiva, lakini ni nanasi."

Nilikuwa nimeegemeza sikio upande wa pili wa simu.

"Wifi," dada akasema, "unasema kweli?"

"Lini nimekudanganya?"

"Hujawahi. Ndiyo maana naogopa."

Kisha akaanza kutafuta pa kutokea. Alisema atakuja, hakusema lini. Akasema na mvua. Akasema mkono bado una maumivu. Nikaiomba simu.

Nilikuwa nimeandaa hadithi. Ilikuwa hadithi nzuri, ya daktari anayefanya upasuaji huku anaimba, na mgonjwa anayeomba arudie ubeti. Nikafungua kinywa na haikutoka.

"Dada," nikasema, "lile la kwanza lilioza. Yale majani saba hayakuwepo. Nilikuwa nakadiria. Hili la pili nimelisoma kila siku kwa miezi kumi na tisa, na kila siku nilikuwa naogopa kwamba litazaa wakati wewe huoni tena. Naogopa hata sasa. Sijui watakufanya nini mle ndani. Najua tu kwamba umelisalimia koti, na mimi nataka unisalimie mimi."

Nikasikia pua ikipengwa.

"Nani kakwambia habari ya koti?"

"Koti lenyewe. Lilinipigia simu."

Hapo akacheka, kicheko cha kutosogeza simu, cha karibu na sikio. "Chumvi," akasema. "Mwambie wifi atandike kitanda."

*

Foleni ya upasuaji ilichukua majuma kumi na manne, na kwa nanasi hizo ndizo siku zake hasa za kuiva. Dada alipofika, ameshikwa mkono na binti yake, jambo la kwanza aliomba apelekwe roshani. Akalipapasa lile nanasi kwa vidole, polepole, gamba kwa gamba, kutoka kitako hadi kichwani. Akaingiza mkono chini yake. Mke wangu akanitazama. Dada alikuwa anatafuta kijiti!

"Halina," nikamwambia.

"Nahakikisha tu," akasema.

Mambo ya hospitali sitayakoleza. Jicho la kulia kwanza. Walilitia dawa ya ganzi, akaingia saa tatu na robo, akatoka saa nne kasorobo, na huko ndani alimwuliza daktari kama ameoa. Alilala kwetu jicho limefunikwa kibandiko, na asubuhi tukarudi wote wanne. Muuguzi akakibandua. Dada akawa amelifumba lile jicho, amelibana kama mtoto aliyekatazwa kuchungulia.

"Fungua, mama," muuguzi akasema.

Akafungua. Akatazama mkono wa muuguzi. Akatazama dirisha, akakunja uso kwa mwanga. Akamtazama binti yake, akanyoosha kidole akamgusa nyusi. Kisha akanigeukia, na akakaa ananitazama muda mrefu hata nikaanza kujiona nina kosa.

"Huyu mzee ni nani?" akauliza.

"Dada, ni mimi."

"Sauti ni yako. Lakini nilikuwa naongea na kijana." Akanishika shavu, akalivuta kidogo kama anayekagua nguo sokoni. Macho yote mawili yalikuwa yanamtoka machozi, na muuguzi akasema asilie, atalichosha jicho, na yeye akamjibu kwamba si kulia, ni kusafisha kioo. Miaka sitini na nane kwenye dunia hii, na sikuwa na neno hata moja la kuongeza.

Niliwaza watu walionifikisha pale: mama wa matunda na matusi yake, mwalimu na ndoo yake, mpwa wangu na minong'ono yake, daktari ambaye sijui kama ameoa, na mke wangu, ambaye angesema uongo mmoja tu mdogo leo dada angekuwa kwake, anamimina chai mezani. Niliwashukuru moyoni mmoja mmoja. Mke wangu nilimshukuru kwa sauti, akaniuliza kama nina homa.

Nyumbani nanasi lilikuwa limegeuka njano kutoka chini hadi karibu na mabega, na harufu yake inakupokea ngazini. Dada alilikata mwenyewe kutoka kwenye shina, kisha akaliweka mezani akanyoosha mkono.

"Nipeni kisu."

Tukatazamana. Kwa miaka minne mpwa wangu alikuwa ameficha visu vyote vya nyumba yao juu ya kabati.

"Mama, nitakukatia..."

"Nimesema nipeni kisu."

Mke wangu ndiye aliyempa, mpini mbele. Dada akakata kitako, akakata kichwa, akalisimamisha, akaanza kulimenya kwa kushusha kisu, ganda jembamba, tunda lenyewe kubwa kidogo tu kuliko kikombe. Lilikuwa na gramu mia sita na ishirini, liliandikwa. Alipomaliza akaligeuza kwenye mwanga wa dirisha na kuanza kutoa kwa ncha vile vidoa vya kahawia vinavyobaki kwenye nyama, kimoja kimoja, bila haraka, anavipanga ukingoni mwa sahani. Sisi watatu tulikaa tunamtazama. Hakuna aliyekuwa na njaa ya kumharakisha.

"Basi, limekwisha," nikasema. "Gawa."

"Bado. Kimebaki kimoja hapa."

Nikavaa miwani, nikainama mpaka pua ikakaribia kulowa. "Sikioni."

"Wewe hukioni," dada akasema, na akakitoa.